Saa yako janja inafanya kazi kwa ruhusa ya nani?

Msee, kabla hujatuma doo ya ile saa janja uliyoiona mtandaoni, nipe dakika kumi.

Karibu kila wiki napata maswali mawili kwenye inboksi. La kwanza: "Hii saa itashika na simu yangu?" La pili huja kama malalamiko: "Mbona nikiongea Kiswahili, huyu msaidizi wa simu ananiletea vitu havieleweki?" Watu huyachukulia kama maswali mawili tofauti, moja la saa na lingine la sauti. Mimi naona ni swali moja, na jibu lake liko kwenye historia. Najua neno historia linakukumbusha kipindi cha saa nane mchana, githeri imekukalia tumboni na usingizi umekushika. Vumilia tu. Hii ni historia ya kitu kilicho mfukoni mwako sai.

Msimamo wangu ni huu: saa janja na msaidizi wa sauti hufanya kazi vizuri na simu yako kwa kiwango ambacho mwenye simu ameruhusu. Na nikisema mwenye simu, si wewe uliyeinunua. Ni kampuni inayotengeneza mfumo ulio ndani yake. Ufundi wa kuunganisha hivi vitu upo kitambo. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa.

Ndoto ilikuja kabla ya simu

Watu walitamani kuongea na mkono wao zamani sana. Januari 1946, kwenye vibonzo vya magazeti kule Marekani, mpelelezi Dick Tracy alianza kuvaa redio ndogo mkononi ya kuongea na wenzake. Wakati huo simu yenyewe ilikuwa kitu cha kukaa mezani au kutundikwa ukutani.

Ufundi ulichelewa kuifikia hiyo ndoto. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ilianza kuuza Pulsar, saa ya mkononi ya kwanza ya kielektroniki inayoonyesha tarakimu, kwa dola 2,100. Muda mwingi ilikaa giza. Ukitaka kujua ni saa ngapi, ilibidi ubonyeze kitufe ndio tarakimu nyekundu ziwake, kwa sababu zikiwaka muda wote betri ingeisha haraka. Hilo tatizo la betri liweke akilini, maana halijawahi kutuacha.

Mwaka 1994 Timex na Microsoft walitoa Datalink, na hii ndio naipenda kuliko zote. Hakukuwa na waya, hakukuwa na Bluetooth. Unafungua programu kwenye kompyuta, unaielekeza saa kwenye skrini, halafu skrini inaanza kuwakawaka mistari. Saa ilikuwa na kijicho kilichosoma ule mwanga na kuugeuza kuwa namba za simu na miadi yako. Fikiria hiyo, data inahamia mkononi kwa mwanga wa skrini! Shida ni kwamba ilitegemea zile skrini nono za zamani zenye mgongo. Skrini bapa zilipokuja, ujanja huo ukakwama.

Mwaka 2004 Microsoft walirudi na saa za SPOT. Hizi zilipokea habari, hali ya hewa na matokeo ya michezo kupitia mawimbi ya redio ya FM kwenye miji ya Marekani na Kanada, na ulilipia huduma. Saa ilipokea tu, haikuweza kujibu kitu. Januari 1, 2012 huduma ikazimwa, na saa zikabaki kuwa saa za kawaida.

Upande wa sauti mambo yalienda polepole vilevile. Mwaka 1952 watafiti wa Bell Labs walitengeneza mashine iliyoitwa Audrey. Ilitambua tarakimu peke yake, sifuri hadi tisa, tena ilimwelewa vizuri mtu iliyezoea sauti yake. Miaka kumi baadaye IBM walionyesha Shoebox kwenye maonyesho ya dunia kule Seattle, nayo ilijua maneno 16. Kufika 1976, mfumo wa Harpy kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ulikuwa umefikisha maneno 1,011. Kutoka tarakimu kumi hadi maneno elfu moja na kidogo ilichukua miaka 24. Na angalia lugha: zote zilifunzwa Kiingereza. Tutarudi hapo.

Saa na sauti zilikuwa na shida moja. Saa ilikuwa ndogo mno kubeba betri na akili ya kutosha. Sauti ilihitaji kompyuta kubwa. Zote mbili zilikuwa zinangoja kitu cha kuegemea.

Simu moja, mbegu mbili

Hicho kitu kilifika Oktoba 2011, na jina lake ni iPhone 4S.

Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya Siri. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikupigiwa kelele: Bluetooth 4.0, yenye njia mpya ya kutumia umeme kidogo sana. Bluetooth ya zamani ilikuwa kama msee anayepiga simu na kukaa kwenye laini muda wote. Hii mpya hulala, huamka kwa sekunde kidogo, hutuma kipande cha data, kisha hurudi kulala. Bila hiyo, saa inayoongea na simu siku nzima ingekufa betri kabla ya jioni. Kwa hivyo simu moja ilibeba mbegu zote mbili, ya sauti na ya saa.

Siri yenyewe haikuzaliwa Apple. Ilitoka SRI International, taasisi ya utafiti ya California, kwenye mradi ulioitwa CALO ulioanza 2003 kwa pesa za DARPA, yaani shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Mwaka 2007 watafiti wakaanzisha kampuni. Februari 2010 Siri ikaingia kwenye duka la Apple kama programu ya kawaida, kama vile programu nyingine yoyote. Miezi miwili baadaye Apple wakanunua kampuni nzima. Mpango wa kuipeleka Siri kwenye BlackBerry na Android ukafia hapo. Na 4S ilipotoka, ile programu ya zamani ikazimwa, hata kwa watu waliokuwa wakiitumia kwenye iPhone za kabla yake.

Soma hiyo tena. Kitu kilikuwa kinafanya kazi kwenye simu yako leo, kesho hakifanyi. Simu haijaharibika. Mtu ameamua tu.

Pebble: saa iliyoishi kwenye nyumba ya wenyewe

Aprili 2012 kijana Mkanada anayeitwa Eric Migicovsky alienda Kickstarter kuomba dola 100,000 za kutengeneza saa inayoitwa Pebble. Watu karibu 69,000 walimchangia zaidi ya dola milioni 10. Saa yenyewe haikuwa na mambo mengi. Skrini ilikuwa ya rangi mbili isiyokula umeme, betri ilikaa siku kadhaa, ujumbe ukiingia kwenye simu inatetemeka mkononi, unasoma, unaendelea na shughuli. Ilifanya kazi na iPhone na Android pia.

Lakini haikufanya kazi sawa pande zote mbili, na hapa ndipo historia inakuwa tamu.

Mwaka 2013 Android 4.3 ilileta mlango rasmi wa arifa. Wewe mwenye simu unaingia kwenye mipangilio, unaipa programu fulani ruhusa ya kusoma arifa zako, na baadaye programu ikaweza hata kujibu kupitia arifa hiyo. Mwaka huohuo Apple nao wakaweka njia ya saa za nje kupokea arifa za iPhone. Ila njia yao ilikuwa ya kusoma zaidi kuliko kujibu. Ujumbe unauona mkononi, lakini kuujibu lazima utoe simu. Apple Watch ilipoanza kuuzwa Aprili 2015, yenyewe iliweza kujibu. Bluetooth ni ileile, simu ni ileile. Tofauti ni jina la aliyetengeneza saa.

Na hata Apple Watch haikuwa na maajabu mwanzoni. Programu za watu wa nje kwenye saa za kwanza ziliendeshwa ndani ya iPhone. Saa ilikuwa skrini tu ya kuonyesha matokeo, ndio maana watu walilalamika kwamba zinachukua muda kufunguka. Miezi michache baadaye mfumo ukabadilishwa, programu zikaanza kuendeshwa kwenye saa yenyewe. Mwaka 2017 ikaja Series 3 yenye laini yake ya simu. Bado, ili kuianzisha unahitaji iPhone. Ukiwa na simu ya Android, Apple Watch ni bangili ya bei.

Usidhani ni Apple peke yao. Samsung walipotoa Galaxy Gear mwaka 2013, mwanzoni ilishika na simu moja tu, Galaxy Note 3. Mfumo wa saa wa Google uliwahi kufungua mlango kwa watumiaji wa iPhone mwaka 2015, lakini 2021 Google na Samsung walipoungana kutengeneza mfumo mpya na kutoa Galaxy Watch4, mlango wa iPhone ukafungwa. Na hata ndani ya Android kuna vyumba vya wageni na vyumba vya wenyewe: Galaxy Watch inashika na simu za kampuni nyingine, lakini ukitaka kipimo cha mapigo ya moyo kile cha ECG, programu yake rasmi inataka simu ya Samsung. Kwa hivyo ukiwa na Tecno au Infinix, umelipia kihisi ambacho programu rasmi haitakufungulia.

Pebble iliishaje? Desemba 2016 Fitbit walinunua mali yake, bila kuendelea na saa zake. Juni 30, 2018 seva zikazimwa. Hapo ungefikiri stori imeisha, lakini wapenzi wa saa hiyo walikuwa wamejikusanya wakaunda Rebble, wakajenga seva zao wenyewe, na saa zikaendelea kuishi. Google, ambao walikamilisha kuinunua Fitbit Januari 2021, waliachilia msimbo wa mfumo wa Pebble kwa umma Januari 2025, na Migicovsky akatangaza saa mpya. Jambo la kwanza alilowaonya wateja wake? Kwamba kwenye iPhone saa hizo zitakuwa na vikwazo vilevile, ikiwemo kutoweza kutuma ujumbe. Zaidi ya miaka kumi, na ukuta uko palepale.

Sauti zilizokosa simu

Kama bado unafikiri ni suala la ufundi, angalia yaliyowapata wasaidizi wa sauti wengine.

Amazon walikuwa na Alexa, na walikuwa na pesa. Julai 2014 walianza kuuza simu yao wenyewe, Fire Phone. Ikaanguka vibaya, na kufikia Oktoba mwaka huo kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 170 kwa sababu yake. Novemba Alexa ikatokea ndani ya spika ya nyumbani, Echo. Mfukoni walikuwa wameshindwa, wakajaribu sebuleni. Na kwa sababu sebuleni hakukuwa na mwenyewe, wakafanikiwa.

Cortana ya Microsoft ilikuja 2014 kwenye Windows Phone. Simu hizo zilipokuwa zikipotea sokoni, Microsoft wakaileta kama programu kwenye Android na iPhone mwishoni mwa 2015. Lakini fikiria ulivyo uvivu wa binadamu. Kwenye iPhone, ukibonyeza kitufe na kukishikilia, anayeitika ni Siri. Cortana ilibidi uitafute kwanza kati ya programu zako, uifungue, ndio uongee. Nani atafanya hivyo akiwa amebeba mifuko ya soko? Machi 2021 programu hiyo ya simu ikazimwa.

Msaidizi wa sauti ni wa kuitwa ukiwa na haraka au mikono haina nafasi. Mwenye kitufe ndiye mwenye mteja. Hivyo tu.

Sasa tuje Nairobi

Hapa kwetu watu wengi hawanunui Apple Watch. Wananunua saa ya elfu mbili au tatu kutoka Luthuli ama mtandaoni, inafanana na ile ya bei, na kwenye boksi imeandikwa kila kitu: simu, WhatsApp, msaidizi wa sauti, oksijeni. Halafu wakifika nyumbani wanagundua baadhi ya vitu vinafanya kazi fiti sana na vingine vinasumbua. Historia inakuambia kwa nini.

Kupiga na kupokea simu kwenye hizo saa hukubali karibu na kila simu. Sababu ni kwamba saa inajifanya kifaa cha masikioni cha Bluetooth. Hiyo ni lugha ya wazi ambayo simu zote zimekubaliana kuitumia tangu enzi za vile vifaa vya sikio moja vya madereva. Hakuna mwenye mlango, kwa hivyo hakuna wa kukufungia. Kile kitufe cha msaidizi wa sauti kwenye saa ya bei nafuu kwa kawaida hutumia njia hiyohiyo. Saa haina akili ya sauti ndani yake. Inaamsha msaidizi aliye kwenye simu, halafu inakuwa maikrofoni na spika tu. Kama msaidizi wa simu hakuelewi, saa haitakusaidia.

Arifa nazo ni mambo mengine. Zinahitaji programu ya saa iendelee kuwa macho ndani ya simu, na simu nyingi za Android za bei ya kawaida huua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa betri. Ndio maana saa inaleta ujumbe asubuhi, jioni iko kimya. Wengi husema saa ni feki na kuitupa. Mara nyingi dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu hiyo programu ifanye kazi bila kuzuiwa. Ruhusa tena, ila hii angalau iko mikononi mwako.

Na tusidharau arifa. Binamu yangu anauza nguo mtaani na hakununua saa kwa sababu ya hatua au mapigo ya moyo. Alitaka kuona ujumbe wa M-Pesa umeingia bila kutoa simu kwenye kundi la watu. Ukishatembea katikati ya jiji saa moja jioni, huhitaji kuelezwa. Mteja anasema "nimetuma", mkono unatetemeka, anaangalia, biashara inaendelea. Kwake hiyo ndio saa janja. Ikikosa kuleta arifa kwa sababu kampuni fulani haikutaka, si starehe imepungua, ni kazi imepungua.

Saa kumi na mbili ni saa ngapi?

Sasa ile ya Kiswahili. Siri ilizaliwa 2011 ikijua Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Lugha nyingine zikaongezwa miaka ikienda, na ukiangalia orodha utaona lugha zenye watu wachache kuliko sisi. Kiswahili hakimo. Kwa Google hatua kubwa ilikuja Agosti 2017, walipoongeza Kiswahili na Kiamhari kwenye kuandika kwa sauti. Tangu hapo unaweza kuongea Kiswahili na simu ikaandika ujumbe wako. Ni kitu kikubwa, mimi hukitumia kila siku.

Lakini kuandika unachosema na kuelewa unachotaka ni kazi mbili tofauti. Chukua mfano mdogo, tena wa saa: "Niamshe saa kumi na mbili asubuhi." Mtoto wa Eastlands anajua hiyo ni saa ambayo jua linachomoza, mat zimeshaanza kujaa. Mashine iliyofunzwa kwa kufikiri Kiingereza itasikia kumi na mbili na kuweka kengele ya namba 12. Maneno imeyapata yote sawa, na bado umechelewa kazini. Saa yetu huanza kuhesabu kukipambazuka, yao huanza usiku wa manane. Na sisi wenyewe tunachanganya, kwenye sentensi moja mtu anataja saa kwa Kiswahili na dakika kwa Kiingereza. Msaidizi asiyejua hayo hajajua Kiswahili, amejua tahajia.

Hapa pia kikwazo si ufundi. Mashine hujifunza lugha kwa kusikia sauti nyingi za watu halisi. Aliye na sauti nyingi zilizorekodiwa, anaeleweka. Angalia Rwanda. Kupitia Common Voice, mradi wa Mozilla ulioanza 2017 ambapo watu husoma sentensi na kuchangia sauti zao ziwe za umma, Kinyarwanda kimekusanya zaidi ya saa 2,000 za sauti. Lugha ya nchi ndogo iliingia kati ya lugha kubwa kabisa za mradi huo, kwa sababu watu walijitolea na kukawa na vijana wa kuwahamasisha. Mwaka 2021 Mozilla walitangaza dola milioni 3.4 za kusukuma Kiswahili pia. Kazi imeanza, lakini sauti za mtaa, za Mombasa, za Kisumu, za wazee na za wasichana wa chuo, haziji zenyewe.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu faragha. Ana haki. Mwaka 2019 ilibainika kwamba wafanyakazi wa kandarasi walikuwa wakisikiliza vipande vya rekodi za Siri, na Apple wakaomba radhi. Lakini hiyo ndio tofauti ninayoiongelea: kule sauti yako ilichukuliwa ukiwa hujui inaenda wapi, huku unaitoa ukijua, na yeyote anaweza kuitumia kutengeneza kitu, hata mwanafunzi wa Nairobi bila kuomba ruhusa California.

Milango inaanza kugongwa

Kwingine watu wamechoka kuomba. Machi 2024 Wizara ya Haki ya Marekani iliishtaki Apple, na saa janja ni mojawapo ya mifano iliyotajwa kwenye kesi. Machi 2025 Tume ya Ulaya ikaiagiza Apple ifungue vitu kadhaa kwa vifaa vya kampuni nyingine, zikiwemo arifa kwenye saa. Apple wakakata rufaa. Hoja yao ni kwamba arifa zina siri za watu na kuzifungua ni hatari. Sitacheka hoja hiyo, maana arifa zangu zina salio la M-Pesa na namba za siri za kuingilia. Lakini Android imeonyesha kuna njia ya katikati: muulize mwenye simu, aseme ndiyo au la. Ulinzi usiomuuliza anayelindwa mimi huuita kufuli la duka la mtu.

Hata hivyo amri ya Ulaya inalinda watu wa Ulaya. Sisi tuna Mamlaka ya Ushindani hapa Nairobi na tuna sheria ya data ya 2019. Kama hakuna anayeuliza maswali haya, tutaendelea kupokea kilichoamuliwa kwingine kwa ajili ya watu wengine.

Kwa hivyo ukinunua saa, uliza mambo matatu kabla ya rangi ya mkanda. Inashika na simu yangu, au inashika na simu za kampuni moja tu? Naweza kujibu ujumbe au kusoma peke yake? Na kampuni ikizima seva zake kesho, saa itabaki na kazi gani? Muuzaji akikosa jibu la hilo la tatu, mpe stori ya Pebble.

Na ukiwa na dakika tano kwenye mat leo jioni, ingia Common Voice, chagua Kiswahili, soma sentensi kumi kwa sauti yako ya kawaida, si ile ya kusoma taarifa ya habari. Timex walihamisha namba za simu kwa mwanga wa skrini mwaka 1994. Tusiambiwe leo kwamba kuelewa "saa kumi na mbili asubuhi" ni kazi ngumu.